Barua Tatu za Ikelu

Mzee Tweve alikuwa na vidole saba, na hakuacha kuvitaja kila alipotaka kunifundisha kazi. Sheria ya posta ni barua moja, kidole kimoja. Mtunza foleni akivunja muhuri wa barua isiyo yake, mashine inaandika, na mwisho wa mwezi mkaguzi anakuja na kisu kwenye mfuko wa ngozi na chupa ya spiriti. Tweve alifungua barua tatu maishani mwake, zote katika mwaka wake wa kwanza, na aliapa kwamba hakukuta ndani yake hata habari moja ya maana. "Chuja kwanza, Tupo," alikuwa akiniambia. "Ukifungua kwa pupa, vidole vitakwisha kabla ya barua."

Mimi siku ile nilikuwa na vidole kumi. Nasema mapema ili msomaji asijisumbue kubahatisha. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, nimeshika kikombe cha chai, risasi ya kwanza ilipopiga bati la kituo.

Tulidhani ni mvua ya mawe, maana huku juu mlimani inaanza hivyohivyo, kwa jiwe moja. Risasi ya pili ikatoboa birika. Tweve akalala chini, akatambaa hadi dirishani, akaniambia kuna mwanamke anakimbia katikati ya shamba la pareto na wanajeshi wawili wako nyuma yake. Alikimbia ameshika tumbo kwa mikono miwili. Maua meupe aliyoyapitia yalibaki mekundu.

Tweve alifungua mlango. Mimi nisingefungua, nakiri bila aibu, kwa sababu kituo cha posta hakina upande na hilo ndilo tuliloapa. Yeye alimvuta yule mwanamke ndani kwa kola ya koti, kisha akachukua gobole lake la kufukuzia nguruwe, akarudi dirishani, akampiga mwanajeshi wa mbele kifuani. Yule mtu alikaa kitako katikati ya pareto kama mtu aliyechoka, akatazama shati lake, akaanguka. Mwenzake alirudi mbio kwenye ukingo wa shamba. Tulijua anakwenda kuita wengine.

Mwanamke yule nilimfahamu. Alikuwa Sekela, karani wa Baraza, ambaye mwaka mzima nilikuwa naona jina lake kwenye bahasha bila kuiona sura yake isipokuwa siku za mikutano. Tulimlaza juu ya magunia ya viazi. Utumbo ulikuwa unaonekana. Tweve alimfunika kwa blanketi, akamwuliza kama anataka maji, na Sekela akasema maji hayatakaa ndani, tumsikilize tu.

Alisema kwa vipande, mimi nitaviunga. Jana alfajiri mtoto wa kiume wa Kamanda Luvanda aliuawa Ikelu, katika vurugu za sokoni. Asubuhi hiyohiyo, kati ya saa tatu na saa sita, Luvanda aliingiza karatasi yake katikati ya rundo la karatasi za kila siku, na Baraza wakaigonga muhuri bila kuisoma. Ilikuwa amri kwa fisi wa Ikelu, wale wa chuma wanaolinda mji: usafishwe mji wote, asibaki mtu. Leo asubuhi waligundua. Saa tano walituma barua ya kuitangua. Saa sita Luvanda aliingia ukumbini na watu wake, akawaua wajumbe wote saba mezani, mmoja baada ya mwingine, na yeye Sekela alipigwa risasi akitokea mlango wa jikoni.

"Anakuja hapa," alisema. "Anataka barua ya kutangua ifutwe. Msimwachie. Mwambieni imeshakwenda."

Tweve alimshika mkono, akamwambia atulie, laini imekatwa tangu jana asubuhi, hakuna kilichokwenda, barua zote mbili ziko hapa ndani. Sekela alitabasamu. Alikufa akiamini kwamba hiyo ni habari njema.

*

Nilikaa kwenye kiti changu na nikakigeukia kioo cha mashine, kwa sababu nilijua asichokijua Sekela na asichokijua Luvanda pia.

Babu zetu walizika miji mitatu, kwa kuwa mashine za enzi zao zilitii amri upesi kuliko mtu anavyoweza kujuta. Waliobaki wakaweka sheria kwamba amri ya silaha itakwenda kwa barua tu, yenye muhuri wa Baraza, ipange foleni na isubiri zamu kama mtu aliyekwenda kusaga mahindi. Wakaweka na watunza foleni, wanaoona bahasha na wasioona yaliyomo. Ni sheria nzuri, na mimi nimeula mkate wake miaka kumi na tisa.

Lakini foleni ina tabia yake. Barua ikishindwa kwenda, mashine inaijaribu tena baada ya dakika tano. Ikishindwa tena, dakika kumi, kisha ishirini, kisha arobaini, mpaka saa nzima. Kadiri barua inavyozidi kuzeeka ndivyo inavyokaa zaidi kabla ya kujaribiwa. Kwa hiyo laini ikirudi baada ya kukatika siku nzima, barua changa ndizo zinazotoka kwanza na wazee wanafuata kwa kujikokota. Barua ya kutangua ilikuwa na saa mbili na nusu. Amri ya kuua ilikuwa na zaidi ya siku.

Fisi nao si wanyama wa kufikiri. Ni mashine kumi na nne za miguu minne, zimepangwa kuzunguka Ikelu kuulinda dhidi ya wavamizi, na kila moja ina bunduki mbili chini ya taya. Zikipokea barua inayosema tangua amri fulani, zinaitafuta hiyo amri. Zisipoikuta zinaitupa barua na kuendelea na doria. Baadaye amri yenyewe ikifika, zinaifuata neno kwa neno. Ikelu ina watu elfu tatu na mia mbili, na mmoja wao ni dada yangu Anosisye, anayeuza vitumbua mbele ya kanisa na kunitumia barua za kulalamika kwamba simwandikii.

Mafundi walikuwa juu ya mnara. Walikuwa wamesema kwa redio ya mkono kwamba laini itarudi saa tisa kamili.

Nilimweleza Tweve. Alipakia gobole. Kisha akaniuliza kwa nini tusiizime mashine tu, nikamkumbusha barua za kamba. Kila siku mbili fisi lazima wapokee barua inayowaambia bado mna mwenyewe, nasi tunaiita kamba. Wakiikosa wanajihesabu wametekwa, na wanampiga yeyote anayetembea. Kamba ya Ikelu ilikuwa inakwisha jioni ile saa kumi na mbili, na barua mpya ya kamba ilikuwa humohumo kwenye foleni, imefungwa, ina uzito uleule na anwani ileile kama ya kifo. Waliotunga sheria hawakuwa wajinga. Barua zote za fisi hujazwa makapi zifikie uzito mmoja, ili mtunza foleni asiweze kunusa.

"Basi itafute uifute," Tweve alisema.

Nilimtazama. Mtu aliyekatwa vidole vitatu kwa ajili ya kiapo ndiye aliyekuwa ananiambia hivyo. Kufuta barua ya mtu ni jambo ambalo halimo hata kwenye kitabu cha adhabu, kwa kuwa aliyekiandika hakuwaza kwamba mtunza foleni angethubutu. Nilimwambia hayo kwa hasira, maana nikiogopa hukasirika. Akanijibu kwamba laini inarudi saa tisa na sasa ni saa nane kasorobo, kwa hiyo nitukane huku naandika.

*

Niliandika.

foleni | hesabu

61,412. Kwa wingi huo kila mchujo ulichukua karibu dakika kumi. Barua za nchi nzima ya bondeni, mikopo, posa, matokeo ya mitihani, na katikati yake kifo cha dada yangu.

foleni | chuja mtumaji=luvanda | hesabu

Sifuri. Nilijitukana. Kamanda hatumi kwa jina lake, anatuma kwa jina la ofisi ya amri.

foleni | chuja mtumaji=amri | hesabu

2,380.

foleni | chuja mtumaji=amri | chuja mpokeaji=fisi.ikelu | hesabu

41. Hapo Tweve alisikia injini bondeni, magari mawili au matatu, akaanza kusukuma kabati la vipuri nyuma ya mlango. Niliongeza tarehe ya jana, kisha muda kati ya saa tatu na saa sita kama alivyosema marehemu pale kwenye magunia. Zikabaki kumi na saba. Nilikuwa na vidole kumi, na hata ningekuwa tayari kuvitoa vyote, barua saba zingebaki.

Tweve aliacha kabati, akaja akasimama nyuma yangu. Aliniuliza Luvanda ni mtu wa namna gani. Nikasema ni muuaji. Akasema hapana, kabla ya leo. Nikafikiri. Luvanda alikuwa mtu wa fomu. Miaka thelathini kazini, kalamu mfukoni, hakuwahi kuleta bahasha isiyo na nakala zake zote, na aliwahi kumrudisha dereva wake kilomita arobaini kwa sababu ya sahihi moja. Sheria inasema amri yoyote ya kuua ipelekwe nakala kwa ofisi ya mazishi, ili makaburi yaandaliwe. Muuaji mwingine angeiruka hiyo. Luvanda asingeweza, mkono wake usingekubali.

foleni | chuja mtumaji=amri | chuja mpokeaji=fisi.ikelu | chuja tarehe=jana | chuja saa=3-6 | chuja nakala=mazishi

Zikabaki tatu.

Nilipiga meza kwa furaha, kisha nikaona ubaya wake. Kuna kitu kingine kinachokwenda kwa fisi na kwa ofisi ya mazishi pamoja, nacho ni mazishi yenyewe. Fisi hawaruhusu watu zaidi ya kumi kukusanyika makaburini bila barua ya ruhusa. Kati ya zile tatu, mbili huenda zilikuwa ruhusa. Nikizifuta zote, Ikelu watatoka na majeneza yao saa kumi na moja kama walivyopanga, kwa sababu maiti haisubiri posta, na fisi watawapiga hapohapo kaburini.

Ilibidi nifungue. Tweve aliniambia nisiangalie vidole, niangalie kiooni. Niliandika neno ambalo nilikuwa sijaliandika kwa miaka kumi na tisa, fungua, na namba ya barua ya tatu, iliyotumwa saa tano na dakika nane. Mashine iliuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Pembeni ikaandika jina langu na namba moja.

Ilikuwa ruhusa ya kumzika Bi Tumwitikege, miaka themanini na minne, waombolezaji mia mbili.

Zikabaki mbili. Moja ya saa tatu na dakika kumi na mbili, moja ya saa tatu na dakika arobaini. Nikifungua mojawapo tu nitaijua na ya pili. Niliweka vidole juu ya herufi, na mlango ukalipuka.

*

Kabati liliruka, likamwangukia Tweve miguuni. Alifyatua gobole akiwa chini na kumvunja mtu goti, kisha wawili walimsimamia na kumpiga risasi nne, mbili zikiwa hazina kazi yoyote. Nilipiga kelele. Mmoja alinishika nywele, akanibamiza uso mezani, na nikasikia pua inavunjika kabla sijasikia maumivu yake. Yule aliyevunjika goti alikuwa akilia na kumwita mama yake, mpaka Luvanda alipoingia na kuagiza atolewe nje.

Alikuwa amevaa vizuri. Shati limefungwa vifungo vyote, kalamu mfukoni, damu kwenye mikono ya shati mpaka karibu na viwiko. Alimtazama Sekela juu ya magunia, akamfunika uso kwa blanketi, akavuta kiti cha Tweve na kukaa.

Aliniambia kuna barua ya Baraza ya kutangua amri yake, na anataka ifutwe mbele ya macho yake. Alisema kwa upole, bastola ikiwa juu ya goti. Mimi nilikuwa nameza damu. Kiooni palikuwa na mistari mitatu tu, namba za barua bila majina, moja ikiwa na alama ya kufunguliwa. Nikaona anaitazama.

Nilimwambia kwamba nilikuwa naitafuta hiyohiyo. Nimechuja mpaka zimebaki tatu, moja nimeifungua siyo, na kati ya hizi mbili siwezi kujua bila kufungua. Sikuwahi kusema uongo kazini, na nilishangaa jinsi ulivyotoka laini.

"Fungua," alisema.

"Kila barua ni kidole, Afande."

"Ni vidole vyako."

Akavuta kiti karibu ili asome. Nikiifungua iliyo amri, ataona maneno yake mwenyewe na atajua ninachokitafuta. Nikiifungua nyingine, nitakuwa nimebakiwa na amri peke yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika sita. Nilijiuliza jambo moja tu. Baba aliyefiwa na mtoto alfajiri, akiingia ofisini saa tatu, anaandika nini kwanza, mazishi au kisasi? Mimi ningeandika kisasi. Lakini mimi si mtu wa fomu. Mtu wa fomu anamaliza lililo la lazima kwanza.

Nilifungua ya saa tatu na dakika kumi na mbili.

Ruhusa ya mazishi. Gidioni Luvanda, miaka ishirini na mbili, azikwe Ikelu kando ya mama yake. Waombolezaji, mmoja.

Askari aliyekuwa ameshika nywele zangu aliziachia. Luvanda aliisoma na kuisoma tena, midomo ikicheza. Mtu yule alikuwa ameua watu wanane kabla ya chakula cha mchana, na mbele yangu kidevu chake kilitetemeka, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea huruma huku Tweve amelala pale chini macho wazi.

"Hiyo iache," alisema. "Hiyo lazima iende."

"Basi ni ile nyingine," nikasema.

"Ifute."

Niliandika futa, namba, ndiyo. Mashine haikuuliza zaidi. Haikuandika jina langu popote.

*

Laini ilirudi saa tisa na dakika mbili. Taa za kijani ziliwaka ukutani na barua zikaanza kumiminika, changa kwanza. Luvanda alisema atangoja hapa mpaka fisi watoe taarifa.

Taarifa ya kwanza ilikuja baada ya dakika tano. Fisi wa Ikelu wamepokea barua ya Baraza ya kutangua. Amri inayotajwa haipo. Barua imetupwa.

Luvanda aliisoma, akageuka polepole, akanipiga kwa kitako cha bastola. Meno mawili yalitoka. Nilianguka kando ya Tweve, na Luvanda akaniinua kwa kola na kunirudisha kitini kama anayempanga mtoto mezani. Alisema hata kufuta sijui, lakini hakuna neno, imetupwa, na amri yake iko njiani. Aliamini hivyo kwa sababu aliituma jana. Alidhani ya jana ni lazima itangulie ya leo, na kama haijafika, basi iko karibu sana.

Tukangoja. Hiyo saa moja sitaisahau. Nje walikuwa wakimfunga yule mwenzao goti na yeye akitukana. Nzi walikuja kwa Sekela. Luvanda alizungumza, hakuwa akizungumza nami hasa. Alisema Gidioni alikwenda Ikelu kununua kiatu cha harusi. Alisema watu sokoni walimtambua ni mtoto wa nani, wakampiga kwa mawe ya mizani, na alipokwenda kusafisha maiti hukohuko alikuta alama ya kilo mbili kwenye paji la uso.

"Nilitaka kumzika bila kuwaona," alisema. "Ndilo tu nililotaka. Nisimwone hata mmoja wao."

Nilifikiri juu ya Anosisye na vitumbua vyake. Sikujua kama alikuwa sokoni jana. Sikujua kama alirusha jiwe, na hilo lilinichoma kuliko meno.

Saa kumi kasorobo kamba ikafika. Kisha ruhusa ya Bi Tumwitikege. Kisha, saa kumi kasoro dakika nane, ruhusa ya Gidioni. Luvanda alikuwa amesimama. Alihesabu kwa kalamu kwenye kiganja. Barua ya saa tatu na dakika kumi na mbili imefika. Barua ya saa tano imefika. Saa kumi ikagonga, ikapita, dakika tano, dakika kumi.

"Yangu ya pili iko wapi?" aliuliza.

Alifikiri. Niliyaona macho yake yakienda kwenye kioo, kwenye mahali palipokuwa na mistari mitatu, na nikaona anafika. Aliweka mdomo wa bastola katikati ya paji langu. Ulikuwa na joto, au mimi ndiye niliyekuwa baridi.

"Ulifuta nini?"

"Sijaisoma, Afande. Zilikuwa tatu."

Hakuweza kuituma tena, sote wawili tulijua. Amri mpya ingehitaji muhuri wa Baraza, na muhuri hufunguka kwa mikono ya wajumbe wanne walio hai. Alikuwa amewaua saba. Kilichobaki mkononi mwake ni mimi. Nilifumba macho, nikamwomba Mungu afanye haraka.

Mashine ikalia. Barua kwa ofisi ya amri, isiyo na muhuri, ya wazi, kutoka ofisi ya mazishi ya Ikelu. Niliisikia pumzi ya Luvanda ikibadilika, nikafumbua macho, nikaisoma naye huku chuma kikiwa kwenye ngozi yangu.

Ruhusa ya Gidioni Luvanda imepokelewa. Kaburi linachimbwa kando ya mama yake. Kwa kuwa ruhusa yataja mwombolezaji mmoja tu, na mtu mmoja hawezi kubeba jeneza, wamejitokeza wachimbaji na wabebaji tisa wa Ikelu. Majina yao ni haya. Wanaomba baba aje mapema, udongo umelowa.

Aliyasoma majina yote tisa. La sita nililitambua, ni la shemeji yangu, mume wa Anosisye. Bastola ilishuka kidogo kidogo mpaka ikawa inatazama sakafu.

Alirudi kukaa kitini. Kisha aliniuliza nimefungua barua ngapi. Nikasema mbili. Akamwita askari na kuomba kisu, akaniambia nichague. Nilichagua vya kushoto, cha mwisho na kinachokifuata. Alivikata mwenyewe juu ya meza, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayechana karatasi kwenye mstari, akanifunga kwa leso yake safi, akaniandikia hati kwamba adhabu imetekelezwa, akaweka sahihi na tarehe. Aliponiachia nikamtapikia viatu. Akatoka.

*

Aliteremka Ikelu peke yake. Nasikia walimpa sepetu na hakuna aliyemzuia. Alifukia mpaka mwisho, akashindilia udongo kwa miguu, na wale tisa wakasimama naye mpaka kaburi likakaa sawa. Kisha walimkamata pale pale kwenye lango la makaburi, kwa ajili ya Sekela, Tweve na wale saba, na hakupigana. Walimnyonga wiki iliyofuata. Dada yangu aliniandikia barua ndefu kuhusu hilo, akalalamika tena kwamba simwandikii. Sikumwuliza alikuwa wapi ile alfajiri ya sokoni. Mpaka leo sijamwuliza.

Tweve tulimzika nyuma ya kituo, na vidole vyake saba.

Mwisho wa mwezi mkaguzi alikuja. Alifungua daftari la mashine, akakuta mihuri miwili iliyovunjwa, akautazama mkono wangu, akaisoma hati ya Luvanda mara mbili na kukubali kwamba ni halali. Kisha akaniuliza, kwa sababu naye alikuwa amesikia, kuhusu barua ya tatu, ile iliyofutwa.

Nikamwambia sikuifungua.

Alipekua kitabu cha adhabu ukurasa kwa ukurasa. Hakukuta kitu. Akarudisha kisu kwenye mfuko wa ngozi, akaniachia ile chupa ya spiriti, akaondoka kabla ya mvua. Nikarudi mezani. Foleni ilikuwa na barua mia tatu na nane, zote zinatembea. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kilichokuwa kinapiga herufi A, na siku zile za mwanzo kila neno nililoandika lilitoka na tundu ndani yake, nikawa narudi nyuma kulijaza.